Matini Bila Sanadi: Anwani, Msomaji na Wajibu wa Neno

Katika Kiswahili neno anwani lina kazi mbili. Huitwa anwani jina la kitabu au la shairi, lile ambalo mhakiki hulitafakari kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Na huitwa anwani vilevile mahali mtu anapopatikana kwa barua. Kiarabu, lilikotoka neno lenyewe, kilikuwa kimekwisha kuziunganisha maana hizo, na Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenga. Makala haya yanaushika muungano huo na kuuliza swali moja la maadili: ujumbe unapomfikia mtu bila anwani, yaani bila mahali pa kurudishwa wala mtu wa kuulizwa, ni nani anayewajibika kwa maana yake na kwa yale yatakayotendwa kwa sababu yake? Uhakiki wa fasihi una jibu lake, tena jibu la kijasiri na lenye mvuto. Mifano ya Gusii inaonyesha mahali jibu hilo linapopwelea.

Ogembo ni mji mdogo wa kaunti ya Kisii, kusini-magharibi ya mji wa Kisii wenyewe. Ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Gucha, iliyokatwa kutoka Kisii katika miaka ya 1990. Kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kenya, nyumba za vijiji vinavyouzunguka hazina nambari, na tarishi haendi mlangoni kwa mtu. Anwani ni sanduku la posta, na aghalabu sanduku hilo si la mwenye barua. Barua ya mwanafunzi hupitia sanduku la shule. Ya mkulima hupitia la kanisa, la chama cha ushirika au la jamaa aliyeajiriwa. Juu ya bahasha huandikwa jina la mpokeaji, kisha jina la yule ambaye barua inapitia kwake, nambari ya sanduku, 40204 Ogembo, na ikiwa inatoka ng'ambo, Kenya. Anwani ya namna hii ni maelezo mafupi ya mahusiano. Inasema mtu huyu anajulikana na nani, na ni nani atakayempelekea habari kwamba barua yake imefika. Ikipotea, kuna watu wa kuulizwa: karani wa posta, katibu wa shule, mtoto aliyetumwa. Na pale barua iliposomwa kwa sauti na ajuaye kusoma mbele ya asiyejua, msomaji yule naye aliingia katika mnyororo wa wadhamini. Akipotosha, alijulikana.

Nadharia za mawasiliano zinazofundishwa vyuoni hazimwoni mtoto huyu aliyetumwa posta. Claude Shannon, katika kazi yake ya mwaka 1948, alishughulikia namna ishara inavyoweza kufika upande wa pili wa waya bila kuharibika, na alisema waziwazi kwamba maana ya ujumbe haihusiani na tatizo la mhandisi. Roman Jakobson, mwaka 1960, aliyarudishia mawasiliano ubinadamu wake kwa kutaja viambajengo sita: msemaji, mpokeaji, ujumbe, muktadha, msimbo na mgusano. Mchoro wake umewafaa sana wahakiki wa ushairi. Lakini hata humo ujumbe unatoka kwa mmoja na kumfikia mwingine kana kwamba hakuna aliyeubeba. Wabebaji wa katikati wamehesabiwa kuwa sehemu ya njia, na njia haina dhamiri.

Mwezi Mei mwaka 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Gusii kwa tuhuma ya uchawi. Wengi wao walikuwa wazee, na wanawake walizidi wanaume. Kundi la watu lilikwenda nyumba hadi nyumba likiwa na orodha ya majina. Shirika la utangazaji la BBC liliripoti maelezo ya wanakijiji kwamba lilikuwa limeonekana daftari katika shule moja ya msingi, na kwamba ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi, zikionyesha ni nani waliokusudiwa kurogwa baadaye.

Mhakiki hana budi kusimama kidogo mbele ya daftari hilo, kwa maana ni matini, tena matini ya utanzu unaojulikana. Kumbukumbu za mkutano hufundishwa shuleni. Zina umbo lake: tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru, ajenda, maazimio. Umbo hilo limezoeleka katika kamati za shule, vyama vya ushirika na makanisa kiasi kwamba kuliona tu ni kuamini kuwa palikuwa na kikao. Lakini nguvu ya utanzu huu haitoki katika umbo. Kumbukumbu huaminika kwa sababu hutiwa sahihi na katibu na mwenyekiti, kisha husomwa katika kikao kinachofuata mbele ya wale wale waliohudhuria, ambao wana haki ya kusimama na kusema kwamba jambo fulani halikunenwa hivyo. Kumbukumbu za kikao cha siri haziwezi kupita katika ungo huo. Aliyetajwa humo akikana, huonekana mwongo, kwani mchawi asingekiri. Akinyamaza, huonekana amekubali. Hivyo umbo la utanzu lilibaki na mamlaka yake yote, huku utaratibu ulioyapa mamlaka hayo uhalali ukiwa umeondolewa. Orodha ya majina ilisomwa kama ushahidi pasipo mtu wa kuulizwa ameyapata wapi majina hayo.

Hapa ndipo jibu la uhakiki linapojitokeza. Katika insha yake iliyotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1967, Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi: maana ya matini haitafutwi tena katika nafsi na nia ya aliyeiandika, bali huzaliwa kwa msomaji. Miaka miwili baadaye Michel Foucault aliuliza kama kuna umuhimu wowote kujua nani anayesema. Mawazo haya yaliwasaidia wengi. Yaliwaondolea wahakiki wa Afrika mzigo wa kuchunguza wasifu wa mwandishi kana kwamba kila riwaya ni ungamo, na yaliipa hadhi fasihi simulizi, ambayo siku zote imeishi bila mtunzi mmoja anayeweza kunyoshewa kidole. Si haki kuyalaumu kwa jambo ambalo hayakulikusudia. Hata hivyo yana upungufu mmoja ambao daftari la mwaka 2008 linauweka wazi: yanamrithisha msomaji uhuru wa mwandishi bila kumrithisha deni lake. Kama maana huzaliwa kwa msomaji, basi waliosoma orodha ile na kuichukulia kuwa hukumu hawakuwa wapokeaji tu. Waliitunga hukumu hiyo. Nadharia ikifuatwa hadi mwisho wake, haiwaachii nafasi ya kusema kwamba wao walisoma tu kilichoandikwa.

Plato alikwisha kulihisi jambo hili kwa upande mwingine. Katika majadiliano ya Phaidro, Sokrate analalamika kwamba maandishi ni kama yatima: yakiulizwa hurudia yale yale, na yakionewa hayawezi kujitetea bila baba yao kuwapo. Wahakiki wengi hulisoma lalamiko hilo kama huruma kwa maandishi. Linafaa kusomwa pia kwa huruma kwa wale wanaotajwa ndani ya maandishi, ambao mara nyingi ndio wasioweza kujitetea.

Ni rahisi kutoka hapo kukimbilia sifa za neno la mdomo, na kudai kwamba Abagusii wa kale hawakuwa na maradhi haya. Kuna ukweli fulani ndani yake. Mzozo ulipofikishwa mbele ya wazee, msemaji alisimama mbele yao kwa mwili wake; na pale ambapo ushahidi haukutosha, kulikuwa na emuma, kiapo ambacho mtu aliyeapa kwa uongo aliamini kuwa kitamrudia yeye na nyumba yake. Kiapo ni anwani iliyo nzito kuliko zote: msemaji anajitoa mwenyewe kuwa dhamana ya neno lake. Lakini tuhuma za uchawi hazikuanza na daftari. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940 na kutoa mhadhara mashuhuri juu ya wachawi mwaka 1954, alionyesha kwamba anayedhaniwa mchawi si mgeni wa mbali. Ni mtu wa ndani, jirani au jamaa. Minong'ono kama hiyo ilikuwako kabla ya shule na posta, na serikali ya kikoloni iliitungia sheria mwaka 1925 bila kuimaliza. Mwezi Oktoba 2021, upande wa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa tena kwa tuhuma ya aina hiyo hiyo. Mnong'ono nao ni neno la mdomo, na hauna mwenyewe. Kwa hiyo tofauti iliyo muhimu haiko kati ya sauti na maandishi. Iko kati ya neno linaloweza kurudishwa kwa aliyelitoa na lile lisiloweza.

Teknolojia ya intaneti ingetazamiwa kuwa dawa ya tatizo hili, kwa kuwa hakuna chombo kilichowahi kujengwa juu ya anwani kama hiki. Kila mashine iliyounganishwa hutumia nambari. Katika mfumo wa kwanza ulioenea, nambari hizo zina biti 32, zinazotosha anwani zipatazo bilioni 4.3, zilipoonekana kupungua ulibuniwa mfumo wa biti 128. Kwa sababu binadamu hakumbuki nambari, mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa majina unaotafsiri jina kuwa nambari. Jina la Kenya, lile la ke linalokuja mwisho baada ya nukta, lilisajiliwa mwaka 1993, na tangu mwaka 2002 limesimamiwa na shirika la KENIC.

Msomaji wa Ogembo anayejua kuandika bahasha ana ufunguo wa kuzisoma anwani hizi, ingawa mara chache huambiwa hivyo. Jina la mtandao limepangwa kama anwani ya posta: dogo hutangulia, kubwa hufuata, na mamlaka huwa mwishoni. Mtu mwenye kughushi hutegemea mazoea ya jicho kusoma kutoka kushoto na kuridhika mapema. Ataweka jina la benki au la wizara mwanzoni, kisha amalizie kwa jina alilolinunua mwenyewe. Na kinachoamua ni kile kilicho mwishoni, kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina. Majina yanayoishia kwa go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali na ac.ke kwa vyuo, kwa kuonyesha hati. Yale ya co.ke yako wazi kwa yeyote anayelipa. Alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani husema tu kwamba mazungumzo kati ya msomaji na mashine ile yamefungwa yasisikilizwe njiani. Haisemi kwamba mwenye mashine ni mwaminifu. Mlaghai naye anaweza kufunga mlango wake.

Maarifa haya ni ya lazima, na inashangaza kuwa idara za lugha huyaachia idara za kompyuta, ilhali ni maarifa ya kusoma. Lakini hayatoshi. Anwani ya mashine ni anwani ya mahali, na swali la maadili huuliza mtu. Isitoshe, sehemu kubwa ya yale yanayosomwa leo Ogembo, kwenye steji ya matatu au katika duka la wakala wa M-Pesa, hayafiki kwa kuandikiwa anwani. Hufika kwa kusukumwa kutoka simu hadi simu. Ujumbe wa WhatsApp uliosukumwa humwacha nyuma mwandishi wake wa kwanza. Kinachobaki ni nambari ya mtumaji wa mwisho na, tangu mwaka 2018, alama ndogo ya kuonyesha kwamba umetoka kwingine. Kampuni yenyewe ilipunguza mara ujumbe unavyoweza kusukumwa, hadi vikundi au watu watano mwaka 2019, na mmoja tu mwaka 2020 kwa ule uliokwisha kuzunguka sana. Hicho ni kipimo cha mhandisi. Kinapunguza mwendo wa ujumbe, na hakigusi tabia iliyozuka miongoni mwa wasomaji wenyewe, ya kuandika chini ya ujumbe kwamba umetumwa kama ulivyopokewa.

Sentensi hiyo fupi inastahili kuchambuliwa kama mstari wa shairi. Kama taarifa, ni kweli: mtumaji hakuongeza neno. Kama udhuru, ni uongo, kwa sababu inadai kuwa anayepitisha neno si msemaji. Mtu aliyeona jina la jirani yake mzee katika orodha, akalituma kwa wengine 50 na kuongeza kwamba ametuma kama alivyopokea, amefanya tendo ambalo bila yeye lisingefanyika mbele ya watu hao 50. Amejigeuza kuwa waya wa Shannon kwa hiari yake.

Dola imelijibu tatizo hili kwa kudai majina. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo jumbe za chuki zilisambaa kwa simu, Kenya ilianza kusajili laini za simu mwaka 2010. Na mwaka 2018 ilitunga sheria dhidi ya makosa ya kompyuta, iliyoweka pia adhabu kwa utangazaji wa habari za uongo. Hatua hizo zinaeleweka. Lakini msomaji wa Kenya hawezi kukubali haraka kwamba neno lisilo na jina ni neno la uongo, wala kwamba mwenye kujificha ana hatia. Mwaka 1982 gazeti la siri lililoitwa Pambana lilitolewa bila jina la mhariri wala mahali pa kiwanda, na tangu mwaka 1986, katika msako wa Mwakenya, watu walifungwa gerezani kwa kupatikana na maandishi ya namna hiyo. Mengi yaliyosemwa humo juu ya utawala wa wakati ule yamekuja kukubaliwa hadharani. Waandishi wake walikosa anwani kwa sababu kuwa na anwani kulimaanisha kizuizini. Nadharia yoyote ya maadili itakayowaweka Pambana na daftari la wachawi katika kapu moja imekosea mahali fulani.

Kinachozitenganisha ni jambo ambalo Kiswahili kililijua na kulisahau. Neno matini, linalotumiwa na wahakiki wote wa Kiswahili, ni la Kiarabu, na katika elimu ya Hadithi lilikuwa na mwenzake wa kudumu: isnadi, au sanadi. Matini ni yale yaliyosemwa. Sanadi ni mnyororo wa waliopokezana, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, kila mmoja akijulikana kwa jina, na uaminifu na kumbukumbu yake vikichunguzwa. Wanazuoni wa pwani walisomeshwa kwamba matini nzuri yenye sanadi iliyokatika ni dhaifu. Uhakiki wa kisasa ulipolihitaji neno la kutafsiria dhana ya Kizungu, ulichukua matini ukaiacha sanadi msikitini. Hasara yake haijahesabiwa.

Sanadi haidai kwamba mwandishi wa kwanza ajulikane na polisi. Inadai kwamba kila anayepokea ajue amepokea kwa nani, na kila anayetoa awe tayari kutajwa na yule aliyempa. Karatasi ya siri iliyopitishwa mkono kwa mkono haikuwa na jina juu yake, lakini aliyeipokea alimjua aliyempa, na aliyempa alikuwa ameweka uhuru wake rehani kwa kuitoa. Mnyororo ulikuwako, ulifichwa kwa wenye nguvu tu. Orodha ya wachawi iliwafichia wapitishaji wake kichwa chini ya maneno ya wote, na hatari yote ikawaangukia vikongwe waliotajwa. Kwa kipimo hiki neno lisilo na jina hupimwa kwa kuuliza nani amebeba hatari ya kulipitisha: aliyelipitisha, au asiye na habari nalo.

Ushairi wa pwani haukuiacha sanadi kwa urahisi. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1858, hakuridhika na kumpa binti yake nasaha. Mwishoni alijitaja, akataja mwaka, na akahesabu beti zake, 102, ili atakayenakili ajue kama amepunguza au ameongeza. Wahakiki huzoea kuzipita beti hizo za mwisho kama desturi ya utanzu, na hurukia kwenye mjadala wa nafasi ya mke na mume. Yamkini beti hizo ndizo zenye ujasiri mkubwa zaidi, kwa mwanamke wa zama zake kusema: mimi ndiye, na hesabu ni hii.

Nafasi ya darasa la Kiswahili katika haya ni ya ajabu kidogo. Mwanafunzi wa sekondari wa Ogembo anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne hufundishwa barua rasmi kwa ukali unaostahili: anwani ya mwandishi juu upande wa kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto, mada, mwili, sahihi, kisha jina kamili. Akisahau mojawapo hupoteza alama. Halafu hugeuza ukurasa, katika karatasi ya pili, akutane na kifungu cha ufahamu. Kifungu hicho aghalabu hakina mwandishi, hakina mwaka, hakikutajiwa kitabu wala gazeti kilikotoka. Maswali yanayofuata huanza kwa maneno aliyoyazoea tangu shule ya msingi, kulingana na kifungu, na jibu linalotoka nje ya kifungu halipewi kitu. Katika miaka yote ya masomo hayo swali la nani aliyeandika kifungu haliulizwi, na mwanafunzi atakayeliandika pembeni mwa karatasi kwa penseli atakuwa amepoteza muda wake wa mtihani.